Mtani Ndani ya Runinga

Siku tuliyomzika babu huko Kisarawe, mwaka 1989, mtani wake alichelewa makusudi. Alikuwa mzee wa Kinyamwezi, mstaafu wa reli, na babu yangu Mzaramo. Walikuwa wametukanana kwa furaha miaka arobaini. Jeneza lilikuwa limekwisha kutolewa nje ndipo akatokea, akapita katikati ya wafiwa, akaingia ndani bila hodi, akarudi amevaa koti la babu, lile la kahawia ambalo marehemu hakulivua hata kwa jua la saa nane mchana. Akasimama mbele ya jeneza. Akakohoa mara mbili, kikohozi kifupi, kikavu. Kisha akaanza kujipapasa mifukoni akitafuta miwani ambayo tayari alikuwa ameipandisha kwenye paji la uso.

Kilio kilikatika. Shangazi yangu mmoja alicheka, akajiziba mdomo kwa kanga, akacheka tena. Shehe aligeuzia uso migombani, lakini mabega yalikuwa yakimtikisika. Mtani akatangaza kwamba hapiti mtu hapo mpaka alipwe kuku wake, anayemdai marehemu tangu mwaka wa Azimio la Arusha. Watu wakachanga. Akazihesabu zile hela mara tatu, akilowesha kidole kwa ulimi, vilevile babu alivyokuwa akihesabu chenji dukani, ndipo akasogea pembeni kupisha jeneza. Alipogeuka nikamwona analia.

Siku hizi huwa naletewa miswada ya vipindi vya vichekesho na vijana wanaotaka kuviuza kwenye vituo vya televisheni. Hawana cha kunilipa, huja na korosho. Miswada yenyewe imejaa mizaha kama korosho zile: kila ukurasa kuna mtu anateleza, mtu anatukanwa pua, mtu anajamba mbele ya mkwewe. Nasoma kurasa thelathini mdomo haujatikisika. Nikimaliza nalikumbuka koti la kahawia, najiuliza, mzaha ulikuwa wapi pale? Mpita njia angeona mzee anakohoa na kutafuta miwani. Asingecheka. Sisi tulicheka kwa sababu tulikuwa na miaka mingi ya kikohozi kile, kinachobisha hodi kabla ya mwenyewe kufika mlangoni.

Jina la Kiingereza la vipindi hivi, sitcom, limeunganisha maneno mawili, hali na kichekesho. Vijana wangu hulisoma la pili tu.

*

Mimi nilijifunza jambo hili Nairobi, tena kwa aibu. Nilikwenda kuishi kwa baba mdogo mwaka 1996, Eastlands, kwenye ploti yenye vyumba kumi na viwili na runinga moja. Huku kwetu Tanzania Bara televisheni ilikuwa na miaka miwili tu tangu ianze; ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970, lakini sisi wa Bara tulilelewa na redio. Kichekesho kwangu kilikuwa sauti: Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania, unawasikia wanavyotaka kupunjana huku umelala chali mkekani. Kwa hiyo niliingia kwenye chumba cha jirani, mbele ya runinga ya Great Wall ya rangi mbili, nyeusi na nyeupe, nikiwa mshamba kamili.

Watu walikuwa kumi na saba. Niliwahesabu kwa sababu sikuwa na jingine la kufanya. Watoto walivua viatu mlangoni, watu wazima walipewa kitanda. Kipindi kilikuwa Vitimbi cha KBC. Akatokea Mzee Ojwang, kofia kichwani na miwani usoni, na kabla hajafungua kinywa chumba kizima kilikuwa kimeangua kicheko. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Alikuwa ameingia tu. Alipoanza kusema ndiyo kabisa: Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, "sh" zote zimegeuka "s", shamba limekuwa samba, na mimi niliyetoka Dar es Salaam na kiburi changu cha Kiswahili nikaona mtu anakosea tu. Nilielewa maneno yote. Sikucheka hata mara moja. Nilikuwa kama mtu aliyealikwa arusini asimjue bwana wala bibi.

Wiki ya pili ilikuwa hivyohivyo. Ya tatu nikaanza kuona kitu. Ojwang anapenda kujitangaza kuwa bwana wa nyumba, na tangazo hilo lina maisha mafupi: linadumu mpaka Mama Kayai atokee. Sauti inaanza juu, inashuka kwa hatua, na mwisho wa ngazi yupo mke wake anamtazama. Nadhani ilikuwa wiki ya tano. Ojwang alikuwa amesimama katikati ya chumba akijitapa kwa wageni, mkono hewani, na nyuma yake pazia likasogea kidogo. Pazia tu. Nikacheka peke yangu, kwa sauti, kabla ya wenyeji. Baba mdogo akanigeukia akasema, "Sasa umefika Nairobi."

Pazia lile sikuambiwa linachekesha. Nililifikia mwenyewe, kwa kuwa wiki nne zilikuwa zimenipa madaraka ya kumjua yule mzee kuliko alivyokuwa akijijua siku hiyo. Ndiyo maana nasema mwandishi wa vipindi hivi kazi yake ya kwanza ni kumfanya mtazamaji awe mtani. Utani huku kwetu hauanzi kwa mtu kuwa na maneno makali. Unaanza kwa kukaa pamoja muda mrefu: wenye kusoma historia wanautafuta utani wa Wanyamwezi na Wazaramo kwenye misafara iliyopita Uzaramoni ikielekea pwani, na ule wa Wahehe na Wangoni kwenye vita walivyopigana karne ya 19 mpaka wakachoka. Mtani ana ruhusa ya kukutukana kwa sababu anakujua. Na kwa kuwa ana ruhusa hiyo, msibani lazima aje.

*

Sasa, ili mtu awe na mtani lazima awe na kasoro inayodumu. Babu angeacha kutafuta miwani iliyo usoni, mtani angekosa kazi. Hapa ndipo miswada mingi ninayoletewa inapokufa, hasa ile yenye mfadhili. Mlevi anaacha pombe ukurasa wa ishirini na sita. Baba mbahili anaona mwanga, anamlipia binti ada. Mwandishi amemponya mgonjwa ambaye ugonjwa wake ndio uliokuwa ukilisha familia. Wiki ijayo wataonyesha nini? Larry David na wenzake walipotengeneza Seinfeld kule Marekani, kipindi kilichokwenda hewani tangu 1989 hadi 1998, walijiwekea sharti mashuhuri: humu hakuna kukumbatiana, na hakuna kujifunza. Watu wanne wabinafsi walianza wabinafsi na wakamaliza wabinafsi. Hata Abunuwasi wetu hajawahi kujirekebisha, na hakuna mtoto aliyewahi kudai ajirekebishe.

Riwaya inamhitaji mtu abadilike. Kichekesho cha kila wiki kinamhitaji ajaribu kubadilika, ashindwe, na Alhamisi ijayo awe amekaa kwenye kochi lilelile kana kwamba hakikutokea kitu. Nafikiri kuna huruma ndani yake ambayo hatuisemi. Wengi wetu ndivyo tulivyo. Mimi nina umri wa kukaribia kustaafu na bado nakopa hela ya nauli kwa mtu niliyeapa sitamkopa tena.

*

Mfano ninaowasomesha vijana umetoka mbali, mji wa Torquay, pwani ya kusini ya Uingereza. John Cleese na wenzake walilala kwenye hoteli moja huko mwaka 1970, wakakutana na mwenye hoteli aliyewachukia wageni. Wenzake walihama. Cleese alibaki akimtazama. Akiwa na Connie Booth, aliyekuwa mkewe, akaandika Fawlty Towers kwa ajili ya BBC: sehemu sita mwaka 1975, na nyingine sita mwaka 1979 ndoa yao ikiwa imekwisha kuvunjika. Kumi na mbili tu. Mwenye hoteli anaitwa Basil: mjuvi, mwenye kiburi cha tabaka, anayemwogopa mkewe Sybil kama paka anavyoogopa maji.

Nichukue sehemu moja ya 1979. Basil anapewa fununu ya farasi. Sybil amempiga marufuku kamari, lakini anacheza, na farasi anashinda: pauni 75. Tangu hapo sehemu nzima ni mtu na siri yake. Manuel, mhudumu wa Kihispania mwenye Kiingereza cha kuokoteza, anaijua siri, kwa hiyo Basil anamfundisha kwamba akiulizwa lolote kuhusu farasi aseme hajui kitu. Pesa anampa Meja, mzee mpangaji, amtunzie. Meja ni msahaulifu. Na hotelini yupo Mama Richards, kiziwi mwenye hasira, ambaye huzima kifaa chake cha kusikilizia ili kubana betri, naye anapiga kelele kwamba ameibiwa chumbani pauni 85.

Tazama kilichopangwa mezani. Kila mtu ana kipande kimoja cha habari. Sybil hajui kuhusu farasi. Meja anajua ila amesahau. Manuel anajua ila amekatazwa. Mama Richards hajui na hasikii. Basil anajua pesa zake zilikotoka ila hawezi kusema. Mwenye vipande vyote, vimekaa pajani, ni mimi na wewe kwenye kochi.

Halafu pesa za Basil zinadhaniwa ndizo zilizoibwa. Anahitaji shahidi mmoja tu wa kusema kwamba ni zake. Anamsukuma Manuel mbele, anamwomba, anamsihi aseme ukweli wote. Na Manuel, akikumbuka alivyofundishwa, anajivuta, anapandisha kifua, anajibu kwa fahari ya mwanafunzi aliyefaulu mtihani kwamba yeye hajui kitu. Hakuna mzaha hapo. Ni sentensi ya mtu mtiifu. Imekuwa kichekesho kwa sababu dakika kadhaa nyuma tulimwona Basil akiipanda kwa mkono wake mwenyewe, na sasa anaivuna.

Wenyewe hawakuishia hapo. Zile pauni 85 zinaonekana: mama alizisahau dukani alikonunua chombo cha maua. Zinaletwa hotelini pamoja na chombo, zinaangukia mikononi mwa Basil, naye anapiga hesabu na kugundua, kwa mara ya kwanza katika maisha yake yote, kwamba yuko mbele ya dunia kwa pauni kumi. Tazama uso wa Cleese hapo. Ni uso wa mtoto siku ya Idi. Na ni sekunde hiyohiyo ambapo Meja anaingia, kumbukumbu zimemrudia, anamweleza mbele ya Sybil habari za farasi. Chombo kinamponyoka Basil, kinavunjika. Bei yake? Pauni 75.

Hesabu ile ingefanywa na fundi saa. Lakini fundi saa peke yake asingetuchekesha. Uzito wote unakalia kitu kimoja tulichokijua kabla kipindi hakijaanza, kwamba Basil angekubali kupoteza chochote duniani isipokuwa kuonekana mbele ya mkewe kuwa alikosea. Ukimwondoa Basil ukamweka mtu mwungwana, siri ingeisha dakika ya tatu: mke wangu, nilicheza, nimeshinda, nisamehe.

Papa Shirandula wa Citizen TV alisimama juu ya msingi uleule, ila kwa udongo wa Nairobi. Marehemu Charles Bukeko alimchora mtu ambaye nyumbani wanaamini anafanya kazi ya ofisini, kumbe ni soja wa getini. Anatoka asubuhi na suti, anabadilisha, anavaa sare. Jioni anabadilisha tena kabla mkewe Wilbroda hajamwona. Nguo mbili, mke mmoja, geti moja. Ukishawapa watazamaji siri hiyo huhitaji kuandika mizaha: gari lolote linalosimama getini linaweza kuwa na mtu wa kijijini anayemjua. Na tofauti na Basil, uongo wake una njaa ndani yake. Nairobi imejaa wanaume wanaoondoka asubuhi na shati lililopigwa pasi kwenda kwenye kazi wasiyoisema. Nilikaa ploti moja na mmojawapo. Tulipokuwa tukitazama kipindi alicheka kuliko sisi sote, kisha akatoka nje kuvuta sigara.

*

Niseme kidogo kuhusu kasi, kwa maana vijana wananiuliza. Kuna tukio maarufu la mwaka 1952 kwenye kipindi cha Marekani, I Love Lucy: Lucy na rafiki yake wamepata kibarua cha kufunga chokoleti zinazopita kwenye mkanda wa kiwandani. Wameambiwa ikipita hata moja bila kufungwa wanafukuzwa kazi. Mkanda unaongeza mwendo, wanashindwa, wanazificha: mdomoni, kwenye kofia, kifuani. Msimamizi anaingia, haoni chokoleti hata moja iliyobaki, anafurahi, anaamuru mkanda uongezwe kasi. Wamefanikiwa kuficha, na mafanikio ndiyo yanayowaangamiza. Mengine ni mashavu ya Lucille Ball, aliyemwigiza Lucy.

Kipindi kile, kilichoanza Oktoba 1951, ndicho kilichosaidia kuweka utaratibu wa kupiga filamu kwa kamera tatu mbele ya watu waliokaa ukumbini, ili mwigizaji asikie kicheko na ajue wapi pa kusubiri. Baadaye Charley Douglass, fundi sauti, akabuni sanduku lenye vitufe: bonyeza hiki mama anacheka kwa staha, bonyeza kile ukumbi unalipuka. Alilifungia kwa kufuli, hakuna aliyeruhusiwa kuchungulia ndani. Mimi silipendi sanduku lile, kama nisivyopenda waliaji wa kukodi. Hata Wamarekani wenyewe walikuwa na mahali walipoliona halifai: M*A*S*H, kipindi cha madaktari wa vita ya Korea, kilikuwa na kicheko cha kurekodiwa, ila kwenye chumba cha upasuaji kilinyamazishwa, na BBC ilipokionyesha Uingereza ilikiondoa.

Sisi hatukuwa na sanduku. Tulikuwa na watu kumi na saba kwenye chumba kimoja.

*

Lafudhi ndilo jambo linalonikosesha usingizi katika mada hii. Vichekesho vya Kenya vimejengwa juu yake. Kwenye kipindi cha Vioja Mahakamani mshtakiwa akipanda kizimbani, hujangoja kesi isomwe. Ukisikia tu anavyotamka jina lake umekwishajua atokako, na kicheko kimeanza. Kuna wanaosema huo ni uvivu, tena uvivu wa hatari, katika nchi ambayo mwanzoni mwa 2008, kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, lafudhi ingeweza kumponza mtu kwenye kizuizi cha barabarani. Siwezi kuwaambia wamekosea.

Lakini fikiria Ojwang. Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, na alikuwa Mkikuyu. Mkikuyu huyo kwa miongo kadhaa alivaa ulimi wa Kijaluo kila wiki, katika nchi ambayo siasa ilikuwa ikizivuta jamii hizo mbili huku na huku tangu miaka ya 1960, na Wajaluo wakamchukua kuwa wao. Wengi walilijua jina la Wanjau magazetini tu, alipofariki Julai 2015. Kwa nini hakupigwa mawe? Nadhani ni kwa sababu hakuigiza lafudhi. Aliigiza mume, mwenye nyumba asiye na sauti nyumbani, na mume huyo akawa na lafudhi. Ukikiondoa Kijaluo, pazia bado lingesogea.

Kinyume chake ni Mind Your Language, kipindi cha Uingereza kilichoanza mwaka 1977 na kupendwa sana katika nchi zetu, mimi nikiwa mmojawapo wa wapenzi. Mwalimu Brown anafundisha Kiingereza darasa la jioni la wageni London: Mhindi, Mpakistani, Mjapani, Mwitaliano, kila mmoja na kosa lake la kudumu. Nilicheka, sitajifanya sikucheka. Ila nilipokitazama tena ukubwani niliona kitu: makosa yote yanakwenda upande mmoja. Mwalimu halazimiki hata siku moja kusema neno la Kihindi au la Kijapani akaonekana bwege. Utani hauko hivyo. Yule Mnyamwezi alipomtukana babu, babu alimrudishia, na ya babu ilikuwa na sumu zaidi. Mtu anayetukana asitukanwe si mtani, ni bwana mkubwa.

Wamarekani nao walilijua hili bila kuwa na neno lake. Mume wa Lucy kipindini, Desi Arnaz, aliyekuwa mumewe wa kweli pia, alizaliwa Cuba na Kiingereza chake kilikuwa na lafudhi nzito. Inasimuliwa kwamba waandishi waligundua kuwa mhusika mwingine yeyote akiikejeli lafudhi ile, ukumbi unakaa kimya. Lucy akiikejeli, ukumbi unacheka. Wakaifanya kuwa kanuni: ruhusa hiyo ni ya mke peke yake. Kwa kweli shangazi zangu wa Kisarawe wangewaambia hivyo bure.

*

Tarehe 18 Julai 2020 alifariki Charles Bukeko. Ulikuwa wakati wa korona, hakuna kukusanyika, na simu zikawa ndizo matanga. Watu walirushiana vipande vya Papa getini, Papa akitafuta pa kubadilisha nguo, na chini ya kila kipande maneno ya pole yamechanganyika na vicheko. Rafiki yangu wa Nairobi aliniandikia kwamba anaona haya kumcheka marehemu. Nikamsimulia habari za koti la kahawia.

Kwetu ilikuwa hivyohivyo kwa Amri Athumani, King Majuto wa Tanga, mchekeshaji aliyefariki Agosti 2018. Waulize waliomtazama Majuto wakutajie mzaha wake mmoja, maneno yenyewe, kamili. Nimejaribu kuwauliza watu wengi. Hawakumbuki. Wanainuka kwenye kiti, wanaegemeza kichwa hivi, wanayatoa macho, na waliokaa karibu wanacheka tayari.

Ninachowaomba wakuu wa vituo ni kidogo. Mnanunua kipindi cha vichekesho kwa wiki kumi na tatu, wiki ya nne mnakihamisha kutoka saa moja kwenda saa tatu ili kupisha mpira, wiki ya nane mnamwondoa mwigizaji kwa kuwa ameomba nyongeza, wiki ya kumi na tatu mnasema watazamaji hawakukipenda. Najua mtanitolea mfano wa Fawlty Towers na sehemu zake kumi na mbili; nami nitawakumbusha kwamba zimerudiwa hewani miaka zaidi ya arobaini. Mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, nilihitaji wiki tano kulicheka pazia. Wapeni watu muda wa kujuana. Saa ileile, siku ileile, waigizaji walewale. Na kochi, tafadhali, msilibadilishe.